Vitunguu Kwenye Utabiri wa Mvua

Daktari alimwambia Mama Cherehani kwamba goti lililopasuliwa ni kama mlango mpya: usipofunguliwa na kufungwa kila siku, bawaba zinakaza. Basi kila asubuhi, akishafagia mbele ya nyumba na kunywa chai yake, alivaa raba alizonunuliwa na mjukuu wake na suruali pana aliyojishonea mwenyewe, akashika njia ya jimu. Jimu lilikuwa juu ya duka la samani. Chini ngazi zilinuka vanishi, juu zilinuka jasho, na pale katikati mtu mwenye goti bovu alipata pa kupumzika akijifanya anasoma bango la masharti.

Alikuwa amewashonea watu nguo maisha yake yote, sare za shule, magauni ya harusi, suruali za kupunguzwa kiuno na nyingine za kuongezwa, mpaka jina la Mama Cherehani likamganda na lile la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Pale jimu alipewa mashine ya kutembelea, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu. Siku ya kwanza ilimshangaza.

"Nimetembea asubuhi nzima na bado niko mbele ya ukuta uleule," alimwambia kocha.

Kocha, kijana mwenye mabega kama kabati, alicheka, akampunguzia mwendo kabla hajaombwa. Tangu siku hiyo hakuacha kupita nyuma yake mara kwa mara, kama mtu anayekwenda zake, kumbe anamwangalia asianguke. Mama Cherehani aliliona hilo.

Mbele ya mashine, juu ukutani, kulikuwa na runinga. Ilikuwa imezimwa sauti, kwa sababu vijana wa vyuma walisema hawawezi kunyanyua bila muziki, na muziki wenyewe ulikuwa wa kutikisa meno. Kwa hiyo aliyetaka kujua watu wa kwenye runinga wanasema nini ilimbidi asome maandishi yaliyopita chini ya picha. Na wasomaji wa maandishi hayo walikuwa watatu, kila asubuhi, kipindi kilekile.

Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni mzee mmoja dereva wa basi mstaafu, aliyeitwa Mzee Breki. Yeye alipanda ile baiskeli isiyokwenda popote, akisema ndiyo safari pekee aliyowahi kuifurahia, maana haina abiria wa kugonga bati. Wa tatu ni kinyozi mwenye kibanda chake mtaa wa nyuma. Kinyozi alipoteza usikivu utotoni kwa homa kali. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu, na kila alipowahi kufika alifuta kwanza mashine ya Mama Cherehani kwa kitambaa, ndipo akaenda kwenye yake. Wale wawili walisoma maandishi kwa sababu ya kelele za muziki. Kinyozi aliyasoma kwa sababu, awe jimu au nyumbani, hakuwa na njia nyingine.

Na maandishi hayo yalikuwa na matatizo.

Asubuhi moja mpishi wa kipindi alikuwa amemaliza, ameaga na kuondoka. Akaingia mtabiri wa hali ya hewa, akanyoosha mkono kwenye ramani iliyojaa mawingu meusi. Chini yake maandishi yakatoka, meupe, safi, bila herufi hata moja iliyokosewa: *Weka vitunguu taratibu, koroga mpaka vilainike.* Mtabiri akahamisha mkono upande wa pili wa ramani. *Ukiona vinaanza kubadilika rangi, punguza moto.*

Mzee Breki aliacha kukanyaga pedali.

"Jamani! Leo kutanyesha vitunguu."

"Endesha baiskeli yako, mzee," Mama Cherehani alisema.

"Naendesha, lakini niambie, nikitoka hapa nichukue mwavuli au sufuria?"

Vijana wa vyuma waliosikia wakacheka. Mama Cherehani naye alitabasamu, maana kusema kweli kilikuwa kichekesho. Lakini picha ikabadilika tena. Sasa ilikuwa taarifa ya habari, na kwenye kioo walionekana watu wamevaa nguo za msiba, mwanamke mmoja amejishika kichwa. Hapo ndipo maandishi ya hali ya hewa yalipowasili, pamoja na utani wa mtabiri kuhusu mkewe na nguo alizosahau kuanua. Kinyozi alikuwa ameinamia chupa yake ya maji. Aliinua macho, akasoma ule utani, akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa cha mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Dada mmoja aliyekuwa akijinyoosha kwenye mkeka aligeuka, akamtazama kinyozi, akatazama wafiwa kwenye runinga, akamtazama tena kwa jicho ambalo halihitaji masikio kueleweka.

Kinyozi akaiona picha. Akaweka mkono mdomoni. Baadaye kidogo aliinuka, akachukua taulo yake, akaenda kwenye mashine ya kupiga makasia iliyokuwa kona ya mwisho, ile inayotazama ukuta. Akaanza kuvuta, ameipa runinga mgongo. Kesho yake akaenda huko moja kwa moja, na keshokutwa vilevile.

"Huyo anayeandika," Mzee Breki alisema, "nadhani anaandikia nyumbani, halafu maneno yanapanda basi kwenda studio. Na basi lenyewe silo langu, maana langu lilikuwa linawahi."

Mama Cherehani alishika vyuma vya mashine na kutazama miguu yake. Mwandishi wa maneno yale yeye alimfahamu vizuri. Alikuwa amemlea.

Mjukuu huyo aliitwa Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa akiongea tangu alipojua kuongea. Mama yake, binti wa Mama Cherehani, alifanya kazi mji wa mbali na kurudi nyakati za likizo, hivyo mtoto alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akicheza na vifungo na kuuliza maswali. Alipomaliza masomo alihangaika sana kutafuta kazi. Mwishowe kituo kimoja cha runinga kikamchukua kwa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikilizio masikioni, kusikiliza kipindi cha asubuhi kinavyokwenda hewani, na kuandika kila kinachosemwa ili kitokee chini ya picha. Alifanya kazi hiyo peke yake, katika chumba kidogo, mbele ya skrini ya maneno matupu. Picha yenyewe hakuiona. Mwisho wa mwezi bosi wake angeamua abaki au aondoke.

Siku Chiriku alipoanza, Mama Cherehani alipanda ngazi za jimu amevimba kichwa, tayari kuwatangazia. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Breki alikuwa ameshaanza: mwandishi mpya kampa mchungaji mwenye ng'ombe kumi ng'ombe milioni kumi, kaandika jina la kiongozi nusu, anaandika kama kuku anayeparua. Mama Cherehani akameza habari yake. Jioni, kwa upole, akamwambia mjukuu: "Mwanangu, usiikimbize mashine. Soma kwanza ulichokishona. Kikipinda, fumua. Nguo isitoke mkononi mwako mpaka inyooke."

Chiriku alimsikiliza, kama alivyomsikiliza siku zote. Tangu siku hiyo aliandika mstari, akausoma, akafumua palipopinda, akausoma tena, ndipo akabonyeza kuurusha. Makosa yakaisha. Na waliokuwa wakizungumza kwenye kipindi hawakumsubiri.

Kila jioni alipouliza, "Bibi, leo ulionaje?" Mama Cherehani alijibu, "Safi, mwanangu. Herufi zimesimama kama askari." Na hilo lilikuwa kweli. Ila askari walikuwa wakifika vita imekwisha, na hilo hakulisema.

Wiki ile ya vitunguu, Chiriku alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa bila kuongea. Nyumba yenye Chiriku asiyeongea ilikuwa kama saa iliyosimama.

"Kuna nini?"

"Bosi kanikuta kwenye ngazi. Anasema watazamaji wanapiga simu. Maandishi hayaendi vizuri, nijirekebishe kabla ya mwisho wa mwezi. Alikuwa anakimbilia kikao, sikupata hata nafasi ya kumuuliza ni nini hasa."

"Na wewe unafikiri ni nini?"

"Makosa, Bibi! Itakuwa nini kingine? Kuna makosa yananipita. Lakini nimeshajua dawa. Kuanzia kesho kila mstari nitausoma mara mbili zaidi."

Mama Cherehani alihisi moyo ukishuka mpaka kwenye goti lile bovu. Mtoto alikuwa anakwenda kujimaliza, na dawa anayotaka kuiongeza ni ileile aliyopewa na bibi yake. Alifungua mdomo aseme. Akautazama uso ule uliochoka, akaona akisema sasa hivi itakuwa kama wote, bosi na watazamaji na bibi, wamejipanga upande mmoja. Akainuka akampakulia chakula.

Usiku ule alifikiri sana. Alikumbuka wateja wake. Mtu akikuambia gauni limekaa vizuri na wewe unaona mgongoni limekunjamana, ukibishana naye mnakosana. Unachofanya ni kumsimamisha kati ya vioo viwili, unanyamaza. Mgongo wake atauona mwenyewe.

"Leo jioni nisindikize jimu," alisema asubuhi. "Goti linanisumbua, sitaki kupanda ngazi peke yangu."

"Jioni? Si huwa unakwenda asubuhi?"

"Goti halijui saa, mama. Nisindikize."

Jioni kituo kilirudia kipindi cha asubuhi, picha na maandishi yaleyale yalivyotoka. Mama Cherehani alilijua hilo. Asilolijua ni kwamba Mzee Breki naye angekuwepo. Mkewe alipata wageni, akamfukuza nyumbani asije akawachosha kwa hadithi zake za barabarani.

"Ee, leo umekuja na mchumba wangu!" alisema alipomwona Chiriku. "Karibu, mke wangu. Panda mashine hiyo, tuone kama unaweza kunipita."

"Baiskeli yako haiendi, Babu," Chiriku alisema. "Hata aliyesimama anakupita."

"Ana mdomo huyu! Nimempenda."

Chiriku akapanda mashine iliyo karibu na bibi yake. Wakatembea. Kule kona ya mwisho kinyozi, aliyekuwa amefunga kibanda mapema siku hiyo, alikuwa akivuta makasia yake, macho ukutani. Kwenye runinga mtangazaji alikuwa akimhoji mwanamke mfuga nyuki, na mara mwanamke yule akatupa kichwa nyuma akicheka. Mtangazaji naye akacheka. Chini yao maandishi yalisema: *Karibu sana studio. Umetoka mbali kuja kwetu.*

Chiriku alitabasamu kuona maneno yake ukutani. Kisha tabasamu likaanza kupungua. Mwanamke alionyesha kwa mikono ukubwa wa kitu fulani, na maandishi bado yalikuwa yakimkaribisha. Wakaonyesha mizinga, na maandishi yakaeleza alikozaliwa. Kipindi kikaenda kwenye tangazo la sabuni, na hapo, juu ya mashuka meupe yanayopepea, ndipo nyuki walipowasili.

"Unaona sasa," Mzee Breki alimwambia mgeni wake, kwa furaha ya mtu aliyepata masikio mapya, "hiyo ndiyo burudani yetu. Sabuni ya nyuki! Juzi tulinyeshewa vitunguu. Huyu mwandishi ana mwandiko mzuri, simnyimi haki yake, ila nadhani anaposikia neno anakwenda kwanza kulala, akiamka ndio analiandika."

Chiriku aliendelea kutazama mashuka na nyuki.

"Mbona hucheki, mke wangu?"

Chiriku alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha mashine. Mkanda ulipunguza mwendo chini ya miguu yake mpaka ukatulia.

"Ni mimi, Babu," alisema.

"Wewe nini?"

"Mwandishi. Ni mimi."

Mzee Breki alitazama runinga, akamtazama binti, akamtazama Mama Cherehani, ambaye aliitikia polepole kwa kichwa. Pedali zikaacha kuzunguka.

"Mama Cherehani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "umeniacha wiki zote hizi, kila siku namtukana mtoto wako, na wewe unaniambia niendeshe baiskeli?"

"Si ulikuwa humjui."

"Hata kama! Ungenipiga kofi." Akashuka kwenye baiskeli, jambo ambalo halikuwa jepesi kwake, akamsogelea Chiriku. "Mwanangu, nisamehe. Mimi ni mzee wa stendi, mdomo wangu haukuwahi kupata breki. Wamenipa jina kwa kunicheka tu."

Chiriku alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Kinyozi, ambaye kioo kilichokuwa kando ya ukuta wake kilimwonyesha nyuso zimebadilika, alikuja kuona kama kuna aliyeumia. Akanyoosha mikono kuuliza. Chiriku akatoa simu, akaandika, akampa: *Mimi ndiye ninayeandika yale ya kwenye runinga. Nimeona leo kwamba yanachelewa. Pole sana.*

Kinyozi alisoma. Alikaa na simu mkononi kwa muda, kama anavyofikiri kabla ya kuanza kukata nywele za mtu. Kisha akaandika kwa vidole vyake virefu, na Chiriku akasoma kwa sauti ili bibi yake asikie:

"Neno likikosewa, nalirekebisha mwenyewe kichwani, nimezoea. Picha ikishapita siwezi kuirudisha. Nacheka wakati watu wameshanuna. Ila usilie. Mwaka jana kipindi hiki hakikuwa na maandishi kabisa, nilikuwa natazama midomo tu. Asante."

Akampigapiga begani, mara mbili, akarudi kwenye makasia yake. Akautazama ukuta, vilevile.

Njia nzima ya kurudi Chiriku alitembea hatua mbili mbele. Walipofika nyumbani alisimama mbele ya meza ya kukatia.

"Bibi, ulijua."

"Nilijua."

"Kila jioni nakuuliza. Kila jioni unaniambia safi! Bosi anataka kunifukuza, watu wananicheka, yule baba wa watu anageukia ukuta kwa ajili yangu, na wewe unaniambia herufi kama askari?"

Mama Cherehani alikaa kwenye kiti chake cha kushonea. Goti lilimuuma, lakini hakulishika, asije akaonekana anatafuta huruma.

"Nilikuogopa," alisema.

"Mimi?"

"Nilihofia uso wako utakavyokuwa. Kama ulivyo sasa hivi. Nikajiambia atajua mwenyewe, na huku nakuona unazama. Halafu kuna jambo jingine. Kufumua kila mstari nilikufundisha mimi. Ukikosea hapo, nimekosea mimi, na sikutaka kulitazama hilo."

Chiriku akakaa, polepole, upande wa pili wa meza. Nje mtu aliburuta mlango wa bati kufunga duka.

"Sasa nifanyeje?" Chiriku alisema, na hasira ilikuwa imeshuka, imebaki hofu peke yake. "Nikiandika haraka nakosea. Nikiandika vizuri nachelewa. Mimi siwezi kazi hii, Bibi."

Mama Cherehani alipitisha kiganja juu ya meza, pale mbao zilipolainika kwa miaka ya vitambaa.

"Ulipokuwa mdogo ukikaa hapo chini, uliona mteja akija kujaribu gauni. Lilikuwa limeshonwa?"

"Lilikuwa na bandi tu. Nyuzi ndefundefu za mkono."

"Zimenyooka?"

"Wapi! Zilikuwa kama njia ya konokono."

"Na mteja alilia?"

"Hapana. Alijiangalia kwenye kioo akajua gauni likoje."

"Basi. Mteja ameshafika, amesimama mlangoni, hawezi kungoja nimalize pindo. Nampa la bandi, anaona. Mimi nilikufundisha kushona nguo ya mtu kwenda nayo nyumbani. Sikufikiri kwamba wewe mteja wako yuko mlangoni kila dakika. Mpe bandi, mwanangu. Uzi ukipinda, songa mbele, mshono unaofuata ufanye uwe mzuri."

Kuanzia jioni hiyo walifanya mazoezi. Chiriku aliweka kompyuta mezani, na bibi akaketi mbele yake akimhadithia habari za mtaa bila kupumua: nani kahama, nani kagombana na nani kwa ajili ya bomba la maji, bwana harusi gani aliletewa suruali ya kaka yake kwa bahati mbaya akaivaa hivyohivyo. Chiriku aliandika na kurusha, mstari baada ya mstari. Kila kidole chake kilipotaka kurudi nyuma kufuta, Mama Cherehani alipiga meza.

"Bandi!"

"Lakini Bibi, nimeandika 'bwana hrusi'."

"Ameshaoa huyo! Endelea, yuko kwenye keki!"

Walicheka mpaka jirani akauliza ukutani kuna nini.

Siku ya bosi kuamua ikafika, na bosi mwenyewe alikuwa amesema atakaa kutazama kipindi chote cha asubuhi. Mama Cherehani alikwenda jimu mapema. Chai haikupita kooni. Mzee Breki alikuwa ameshafika, na kwa mara ya kwanza hakufanya utani wowote, alimsogezea tu chupa ya maji akasema, "Leo tuko wote." Kinyozi alikuwa kule kona, ila leo aligeuza shingo kila mara kuitazama runinga. Kocha, bila kuambiwa na mtu, alipunguza muziki kidogo, kana kwamba kimya kingemsaidia msichana aliye mbali vile.

Mtangazaji akatokea, akafungua mdomo. Na maandishi yakatokea naye. *Habari za asubuhi watazamaji wetu.*

Mama Cherehani alishika vyuma. Mtangazaji alisema, maandishi yakasema. Mgeni akajibu, maandishi yakajibu. Herufi ilianguka hapa, neno likakatika pale, lakini walikwenda pamoja, kama watu wawili wanaobeba meza kupita mlangoni. Mgeni alikuwa mchezaji wa zamani, anaeleza alivyojifunga bao mwenyewe siku mama yake alipokuja uwanjani kumtazama. Mtangazaji akacheka. Mzee Breki akacheka palepale, kwa wakati wake, akapiga usukani wa baiskeli kwa furaha.

Mara mstari mmoja ukatoka vibaya. Jina la mchezaji mwenyewe, limevurugika kabisa, kubwa, katikati ya kioo. Na baada yake hakukuja kitu. Mgeni alikuwa anaendelea kuongea, mikono inazunguka, na chini pamekaa jina lile lililopinda, peke yake.

Mama Cherehani aliujua mkono ule. Alijua kidole kiko wapi sasa hivi, juu ya kitufe cha kufuta, na bosi amekaa mbele ya runinga anatazama.

"Liache," alisema. Hakujua kama amesema kwa sauti. "Liache, mwanangu. Songa mbele."

Mzee Breki naye alikuwa amesimama kwenye pedali, kama dereva anayetazama daraja bovu. Mgeni alipumua, akaanza sentensi mpya.

Na maandishi yakaanza nayo. *Mama akaniambia, leo umefunga, haijalishi goli la nani.*

Mama Cherehani aliachia pumzi yake yote. Pembeni alisikia chuma kikiburuzwa sakafuni. Kinyozi na kocha walikuwa wameshika ile mashine ya makasia, mmoja mbele na mmoja nyuma, wanaigeuza. Kocha alilalamika kwamba ina uzito kama ng'ombe. Kinyozi hakumsikia, na hata kama angemsikia, macho yake yalikuwa kwenye runinga.

Chiriku alirudi nyumbani jioni jua likiwa bado lipo. Hakuvua viatu. Aliingia navyo mpaka ndani, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno, akamkumbatia bibi yake na kumnyanyua kidogo kutoka kwenye kiti.

"Goti! Goti langu!"

"Nimebaki, Bibi! Wameniajiri. Bosi kasema sasa anaelewa kipindi hata akiwa kwenye simu. Kaniambia tu majina ya wageni niwe nayaandika mapema kabla kipindi hakijaanza, yawe tayari."

"Huyo bosi ana akili."

Chiriku akaketi, akajimiminia chai iliyopoa, akanywa kikombe kizima kwa mkupuo. Maneno yalianza kumtoka kama zamani, hili juu ya lile: nani alimpongeza, nani alimpa mkono, chumba kingine atakachohamia chenye dirisha. Mama Cherehani alimsikiliza na kumjazia kikombe. Kisha Chiriku akanyamaza ghafla, akamtazama.

"Sasa niambie kweli. Leo ulionaje?"

Bibi alivuta kiti karibu.

"Umewahi vizuri," alisema. "Nimefurahi mpaka chai ikapita. Lakini kwenye habari ya maji uliruka sentensi nzima, na yule mganga wa mifugo alipokuwa anaongea haraka ulimchanganya na mtangazaji, nikadhani mtangazaji ndiye mwenye mbuzi."

Chiriku alifunika uso kwa mikono, akicheka.

"Kuna lingine?"

"Lipo," Mama Cherehani alisema. "Kula kwanza."